Kura ya Pennsylvania na Foleni ya Nyarugusu

Tarehe 8 Novemba 2016 Wamarekani walimchagua Donald Trump kuwa Rais wao wa 45. Hillary Clinton alimzidi kwa kura za wananchi zipatazo milioni 2.9, lakini kwa utaratibu wao Rais hupatikana kwa kura za wajumbe wa majimbo, na huko Trump alishinda kwa 304 dhidi ya 227. Majimbo matatu, Michigan, Pennsylvania na Wisconsin, ndiyo yaliyoamua. Ukijumlisha tofauti ya kura baina ya wagombea hao wawili katika majimbo yote matatu, hupati hata kura 80,000. Wakati huo kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, peke yake ilikuwa na watu zaidi ya laki moja.

Watu hao hawakuwa na kura Marekani, wala hawakuwa nayo Tanzania. Hata hivyo, kwa maelfu ya Wakongo waliokuwa wamefanyiwa usaili ili wapelekwe nchi ya tatu, matokeo ya Pennsylvania yalikuwa na uzito kuliko uchaguzi wowote uliowahi kufanyika jirani nao. Siku themanini baada ya kura hizo kupigwa, safari zao zilisimamishwa kwa sahihi moja.

Wanafunzi wetu huufuata uchaguzi wa Marekani kama watu wafuatavyo mechi za ligi ya Uingereza: nani kamshinda nani katika mdahalo, nani kasema neno gani, jimbo gani limegeuka. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mtu anayeishi katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kitanga na Makere wilayani Kasulu hadi Kibondo na Kakonko, ana sababu ya kuitazama historia hiyo kwa jicho jingine. Hapa kampeni za urais wa Marekani zimeamua nani aondoke na nani abaki, tena zaidi ya mara moja. Hoja ninayoileta ni hii: sheria inapoliacha jambo zito mikononi mwa kiongozi mmoja ili aliamue upya kila mwaka, kampeni ndiyo inayokuwa sheria, na wasio na kura ndio wanaolipa. Nitaionyesha hoja hiyo kwa historia ya Marekani, kisha nitairudisha nyumbani, kwa maana nasi tuna majukwaa yetu.

Jinsi Kigoma ilivyoingia katika hesabu ya Washington

Tuanze na watu wenyewe. Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yaliwafukuza watu wengi kutoka makwao. Waliokimbilia Tanzania, wengi wao walipewa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Wengine walijichanganya na wenyeji katika vijiji vya Kigoma, ambako Kiha na Kirundi hukaribiana kiasi kwamba mgeni hujua amefika kwa jirani. Wapo pia waliokimbilia Rwanda na Zaire, wakakaa huko zaidi ya miaka ishirini.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na wimbi jipya likaanza. Kambi za Nduta, Mtendeli, Kanembwa na Karago upande wa Kibondo, na Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, zikajaa Warundi. Vita vya mwaka 1996 mashariki ya Zaire vikawaleta Wakongo kwa mitumbwi na maboti kupitia Ziwa Tanganyika, na mwishoni mwa mwaka huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Pamoja na wakimbizi wapya walikuja pia baadhi ya wale wa 1972 waliokuwa Rwanda na Zaire. Hao walikuwa wakikimbia kwa mara ya pili, wengine ya tatu, wakiwa na watoto na wajukuu ambao hawakuwahi kuiona Burundi.

Kundi hili ndilo lililokuwa la kwanza kutoka Kigoma kuchukuliwa kwa wingi na Marekani. Kuanzia mwaka 2007, wakati wa utawala wa George W. Bush, maelfu ya Warundi wa 1972 waliokuwa katika kambi za Kigoma na Kagera walisafirishwa kwenda kuanza maisha upya katika miji ya Marekani. Hawakuwa na kijiji cha kurudia Burundi, na makazi ya zamani ya Tanzania hayakuwa yao. Mwaka 2015, chini ya Barack Obama, ilifuata zamu ya Wakongo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitangaza mpango wa kuwahamisha zaidi ya Wakongo 30,000 kutoka Nyarugusu, wengi wao wakipelekwa Marekani. Ulikuwa miongoni mwa mipango mikubwa ya aina hiyo duniani. Tangu hapo Nyarugusu ikawa kambi inayosikiliza habari za Washington kwa makini kuliko miji mingi ya Marekani yenyewe.

Sheria iliyozaliwa ndani ya kampeni

Mpango huo wa Marekani unasimama juu ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980. Historia ya kuzaliwa kwake inafaa kukumbukwa, kwa kuwa tangu siku ya kwanza ilifungamana na mbio za urais.

Aliyeusimamia muswada huo katika Baraza la Seneti alikuwa Edward Kennedy. Baraza liliupitisha Septemba 1979 kwa kura 85 bila hata moja ya kuupinga. Miezi miwili baadaye Kennedy alitangaza kwamba atapambana na Rais Jimmy Carter, mwenzake wa chama cha Democratic, kuwania uteuzi wa chama. Carter alitia saini sheria hiyo tarehe 17 Machi 1980, siku moja kabla ya kura ya mchujo ya Illinois, ambamo alimshinda Kennedy. Kwa hiyo wanaume wawili waliokuwa wakishindana vikali walikubaliana juu ya jambo hili moja. Huo ni ushahidi kwamba kuna wakati suala la wakimbizi lilisimama juu ya ugomvi wa vyama na hata wa ndani ya chama.

Sheria hiyo iliweka tafsiri ya mkimbizi inayolingana na ile ya Umoja wa Mataifa na ikajenga utaratibu wa kudumu wa kuwapokea watu. Lakini iliacha mlango mmoja wazi. Idadi ya watakaopokelewa haikuandikwa katika sheria kwa miaka yote. Baada ya miaka michache ya mwanzo, idadi hiyo ilipaswa kuwekwa na Rais kabla ya kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba, baada ya kushauriana na Bunge. Kushauriana si kupata idhini. Rais akitaka 100,000, ataandika 100,000. Akitaka 10,000, ataandika 10,000.

Mwaka huohuo wa 1980 ulionyesha jinsi mlango huo utakavyotumika. Kati ya Aprili na Oktoba Wakuba wapatao 125,000 waliwasili Florida kwa maboti kutoka bandari ya Mariel. Maelfu yao walipelekwa katika kambi ya kijeshi ya Fort Chaffee, Arkansas, ambako Juni 1 zilizuka ghasia. Gavana wa jimbo hilo alikuwa kijana wa miaka 33 aitwaye Bill Clinton. Mpinzani wake, Frank White, alizitumia picha za Wakuba hao katika matangazo ya kampeni, na Novemba Clinton alipoteza ugavana. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ikiwamo hasira ya wananchi kwa kupandishwa kwa ada za magari. Hata hivyo, somo alilolichukua lilikuwa wazi, nalo lilimfuata. Katika kampeni ya urais ya 1992 alimlaumu Rais George Bush, baba, kwa kuwarudisha baharini Wahaiti waliokimbia nchi yao. Alipokuwa anakaribia kuapishwa, Januari 1993, alitangaza kwamba ataendelea na sera ileile.

Huyo ndiye Clinton aliyekuja Arusha tarehe 28 Agosti 2000 kushuhudia utiaji saini wa Mkataba wa Amani wa Burundi. Usuluhishi ulikuwa umeanzwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela baada ya Mwalimu kufariki. Mkataba huo ulizungumzia kwa kirefu kurejea kwa wakimbizi, yaani watu wa Kibondo na Kasulu. Sitaki kudharau safari yake. Lakini historia yake inatufundisha kutenganisha mambo mawili: anachokisema kiongozi akiwa mgombea au mgeni wa heshima, na kile atakachokifanya pale idadi itakapombana.

Safari ya tarakimu moja

Tukiifuata tarakimu ambayo Rais wa Marekani huiandika kila mwaka, tutaona kampeni zikisomeka ndani yake.

Kwa mwaka wa fedha 1980 kikomo kilikuwa 231,700, hasa kwa sababu ya wakimbizi wa Indochina. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kikomo kiliwekwa 70,000, lakini waliopokelewa mwaka uliofuata walikuwa takriban 27,000 tu. Kwa mwaka wa fedha 2016 Obama aliweka 85,000, na idadi hiyo ikakaribia kutimia kabisa. Taifa lililoongoza kwa waliopokelewa mwaka huo halikuwa Syria, kama wengi wanavyodhani, bali Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa watu zaidi ya 16,000. Kwa mwaka uliofuata aliandika 110,000.

Hapo ndipo kampeni ilipoingia. Novemba 13, 2015 magaidi walishambulia Paris. Katika siku chache magavana zaidi ya 30 wa Marekani walitamka kwamba hawataki wakimbizi wa Syria katika majimbo yao. Desemba 7 mgombea Trump alitaka Waislamu wote wazuiwe kwa muda kuingia nchini humo. Tangu hapo hadi siku ya kura, neno “mkimbizi” katika majukwaa ya Marekani lilimaanisha Msyria. Wakongo wa Nyarugusu, ambao wengi wao ni Wakristo, hawakutajwa kwa wema wala kwa ubaya. Hawakuwa sehemu ya ugomvi.

Lakini amri iliyotokana na ugomvi huo iliwakumba wao. Januari 27, 2017 Rais Trump alitia saini amri iliyosimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi kwa siku 120, na kupunguza kikomo cha mwaka kutoka 110,000 hadi 50,000. Mahakama ziliizuia sehemu ya amri hiyo wiki iliyofuata, ikatolewa amri nyingine Machi, na Juni Mahakama ya Juu ikaruhusu sehemu yake itumike. Kisha tarakimu ikaanza kushuka kila Oktoba: 45,000, halafu 30,000, halafu 18,000, halafu 15,000. Mwaka wa fedha 2020, ambao pia ulikuwa wa korona, waliopokelewa kutoka dunia nzima hawakufika 12,000.

Ni muhimu kueleza kwa nini kusimamisha kwa siku 120 si kuchelewa kwa siku 120. Mkimbizi anayepelekwa Marekani kutoka Kasulu hupita hatua nyingi. UNHCR hupendekeza jina lake. Shirika la kikanisa lenye ofisi Nairobi huandaa faili lake kwa niaba ya serikali ya Marekani. Maofisa wa uhamiaji wa Marekani husafiri hadi alipo na kumfanyia usaili. Taasisi za usalama hulichunguza jina lake. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, humpima afya na kumtafutia ndege, na nauli yenyewe ni mkopo atakaoulipa akifika. Uchunguzi wa usalama una muda wa kuisha. Vipimo vya afya vina muda wa kuisha. Mtoto akizaliwa, faili hufunguliwa upya. Kijana akioa, faili hubadilika. Kwa hiyo hatua moja ikikwama, nyingine zilizokwisha kukamilika huoza nyuma yake kama samaki waliokosa soko. Familia iliyobakiza wiki mbili inaweza kujikuta imebakiza miaka.

Na wakati huo wote mtu huyo anaishi kama msafiri. Halimi kwa sababu sheria za kambi hazimruhusu kutoka bila kibali, na pia kwa sababu anaondoka. Hajengi nyumba bora kwa sababu anaondoka. Kijana wake haoni maana ya kujifunza ufundi wa hapa kwa sababu wanaondoka. Mimi naamini kwamba huu ndio uharibifu mkubwa kuliko hata safari yenyewe kukatizwa: sera inayobadilika kwa uchaguzi humfanya mtu aahirishe maisha yake.

Pendulo inaporudi, na kurudi tena

Mwaka 2020 Joe Biden aliahidi katika kampeni kwamba atapandisha kikomo hadi 125,000. Alipoapishwa, alisita. Aprili 16, 2021 utawala wake ulitangaza kwamba utabaki na 15,000 za mtangulizi wake. Wafuasi wake wakamjia juu, na Mei 3 akapandisha hadi 62,500. Lakini mashine iliyovunjwa kwa miaka minne haiwashwi kwa tangazo: ofisi za kupokea wakimbizi zilikuwa zimefungwa, watumishi walikuwa wameondoka. Mwaka huo wa fedha waliopokelewa walikuwa pungufu hata ya mwaka wa mwisho wa Trump. Ilichukua hadi mwaka wa fedha 2024 ndipo idadi ikafika 100,000, na Kongo ikaongoza tena kwa karibu watu 20,000. Kubomoa kulichukua miezi. Kujenga upya kulichukua karibu muhula mzima.

Kisha ukaja uchaguzi wa Novemba 2024. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wote kuanzia Januari 27. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, safari zilizokwisha kupangwa zilifutwa. Mei 12 kundi la kwanza la Makaburu 59 wa Afrika Kusini liliwasili Marekani kama wakimbizi. Na kwa mwaka wa fedha 2026 kikomo kikawekwa 7,500, kidogo kuliko vyote tangu sheria ya 1980, huku ikitamkwa wazi kwamba nafasi nyingi ni za Makaburu hao.

Siku hiyohiyo ya Januari 20 misaada ya nje ya Marekani nayo ilisitishwa ili ichunguzwe, na kwa kuwa Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkuu wa UNHCR na wa Mpango wa Chakula Duniani, pigo hilo liliwagusa hata wale ambao hawakuwa na faili lolote la safari. Machi mwaka huo Sauti ya Amerika, ambayo kwa Kiswahili iliwasimulia wasikilizaji wa Kigoma kampeni za Wamarekani kwa miongo mingi, ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe. Waliokuwa wakisubiri habari walikosa safari, wakapunguziwa msaada, na sauti ya kuwaeleza sababu ikakatika.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao hausemwi sana. Mkimbizi aliyefika Marekani huweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja na uraia baada ya miaka mitano. Aliyeondoka Nyarugusu mwaka 2016 angeweza kuwa mpiga kura mwaka 2024. Leo katika miji ya Kentucky, Ohio na Texas wapo raia wa Marekani waliolelewa kwa mgao wa chakula wilayani Kasulu. Wanaweza kuchagua Rais atakayeamua kama mama au kaka aliyebaki ataondoka. Tofauti kati ya ndugu hao wawili, mmoja mwenye kura na mwingine asiye nayo, mara nyingi ni tarehe tu ya kuandikwa kwa faili.

Majukwaa yetu wenyewe

Ni rahisi kuishia hapa na kuwalaumu Wamarekani. Lakini tukiwa waaminifu, kalenda ya uchaguzi iliyowagusa wakimbizi wa Kigoma haikuwa ya Washington pekee.

Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilisifika kwa kupokea wageni, na mwaka 1983 Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo. Miaka ya tisini mambo yalibadilika. Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walivuka mpaka na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Mzigo ulikuwa mkubwa mno, na hofu ya usalama ilikuwa ya kweli. Machi 31, 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi, miezi saba kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe. Sisemi kwamba uchaguzi ndio uliofunga mpaka. Ninasema kwamba tangu wakati huo hakuna chama kilichoweza kuingia katika kampeni bila kuwa na jibu juu ya wakimbizi, na jibu lililopendeza lilikuwa la kuwaondoa. Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurejea kwao, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaimarisha msimamo kwamba mkimbizi aishi kambini.

Mwaka 2005 ilani ya uchaguzi ya CCM iliweka lengo la Tanzania kuwa nchi isiyo na wakimbizi ifikapo 2010. Jakaya Kikwete alishinda urais kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Kambi za Kibondo zikafungwa moja baada ya nyingine, na mwishoni mwa 2012 Mtabila, kambi kubwa ya Warundi wilayani Kasulu, nayo ikafungwa. Kisha Aprili 2015 mgogoro wa muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza ukalipuka nchini Burundi. Watu wakavuka tena. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo, na Mtendeli Januari 2016. Miongoni mwa waliorudi walikuwamo watu walioondoshwa Mtabila miaka mitatu tu kabla. Ilani inaweza kuweka tarehe ya kufunga kambi. Haiwezi kuweka tarehe ya amani katika nchi ya jirani.

Julai 2017 Rais John Magufuli, akiwa Ngara pamoja na Nkurunziza, aliwahimiza Warundi warejee kwao na akaagiza utoaji wa uraia kwao usitishwe. Januari 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliokusudia kuwapa wakimbizi nafasi ya kujitegemea. Tazama mfuatano wa tarehe: mwaka uleule ambao Washington ilifunga mlango wa kutokea, milango ya ndani nayo ilianza kufungwa. Mkimbizi wa Kasulu alibanwa na marais wawili ambao hakumpigia kura yeyote kati yao.

Lakini katika historia yetu kuna tendo moja linaloonyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 2007 serikali iliwapa Warundi wa 1972 waliokuwa katika makazi matatu ya zamani nafasi ya kuchagua kati ya kurejea na kuomba uraia. Zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Utekelezaji ulisuasua, wakakaa miaka kadhaa bila vyeti, hadi vilipoanza kutolewa mwaka 2014. Lakini walipovipata, vilikuwa vyao. Havihuishwi kila Oktoba kwa sahihi ya Rais. Rais aliyewapa aliondoka madarakani, akaja mwingine asiyependa jambo hilo, naye angeweza kuzuia vyeti vipya lakini si kuyafuta maisha ya waliokwisha kuwa raia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya haki na hisani.

Nyanda za Kigoma zilibaki nyuma katika tendo hilo. Warundi wa 1972 waliokaa vijijini mwetu, waliosajiliwa baadaye kwa idadi ya zaidi ya 20,000, hawakuwamo katika mpango wa makazi yale matatu. Na ukungu wa nani ni raia huwagusa hata Waha wenyewe, ambao kwa lugha na majina yao hulazimika mara kwa mara kuthibitisha kwamba hawakuvuka mpaka. Pale haki inapokuwa suala la nani yuko madarakani, hata mwenyeji hana uhakika nayo.

Pingamizi moja, na jibu lake

Msomaji anaweza kuniambia: je, si haki ya wapiga kura kuamua nani aingie nchini mwao? Demokrasia ni nini kama si hiyo? Pingamizi hili lina nguvu, na sipendi kulikwepa. Wamarekani wana haki ya kumchagua mtu anayetaka wageni wachache, kama Watanzania walivyokuwa na haki ya kuichagua ilani ya 2005. Serikali isiyowasikiliza wananchi wake juu ya jambo hili hatimaye huwapa nguvu wachochezi.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuamua kutofungua mlango mpya na kumfungia mlango mtu ambaye mguu wake mmoja umo ndani. Yule aliyesailiwa, akachunguzwa, akapimwa na kupewa tarehe ya ndege amekwisha kupewa ahadi na dola, na ahadi ya dola haipaswi kufa kila kiti kinapobadilisha mkaaji. Bunge la Marekani lingeweza kuandika katika sheria ya 1980 kwamba kikomo hakitashuka chini ya idadi fulani, na kwamba waliokwisha kuidhinishwa watakamilishiwa safari. Halikufanya hivyo, kwa sababu lilikuwa na imani kwamba kila Rais atakuwa na moyo kama wa Carter. Sheria iliyojengwa juu ya moyo wa mtu hudumu kadiri ya mtu huyo.

Kwetu somo ni la namna hiyohiyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katumba na Mishamo zilijengwa juu ya hekima hiyo: familia zilipewa ardhi, na baada ya miaka michache zilijilisha na kuuza ziada. Nyarugusu imevuka robo karne na jembe bado halijatolewa. Tuliweza kuliahirisha jambo hilo kwa sababu Marekani ilikuwa ikichukua watu na kulipia chakula cha waliobaki. Sasa haichukui, na fedha yake haina uhakika. Waliobaki Kasulu na Kibondo hawajaacha kuwa watu wetu wa kushughulika nao kwa sababu Wisconsin imebadilisha mawazo.

Mwanafunzi anayetaka kuuelewa uchaguzi wa Marekani asiishie kwenye midahalo. Asome ni mamlaka gani sheria imemwachia mshindi ayatumie peke yake. Mwanaharakati anayewatetea wakimbizi, au Waha wanaosumbuliwa kwa ajili ya uraia wao, asitosheke na tamko jema la waziri; adai kifungu cha sheria, kwa kuwa tamko huondoka na aliyelitoa. Na mtumishi wa umma ambaye mezani pake lipo faili la mtu aliyezaliwa kambini mwaka 1997, ambaye leo ana watoto wake waliozaliwa kambini humohumo, alishughulikie kwa kipimo cha sheria iliyopo leo, bila kungoja upepo wa ilani ijayo. Oktoba ijayo tarakimu nyingine itaandikwa Washington. Kasulu haina sauti katika tarakimu hiyo, lakini ina sauti katika yale ambayo Tanzania yenyewe inaweza kuyaandika.